Bastola ya Amani ya Bwana Zahoro

Palikuwa na nchi, na kama bado ipo basi Mungu aizidishie, ambayo haikuwa na jina. Si kwamba wenyewe hawakulitaka. Siku walipopata uhuru iliundwa Kamati ya Jina, na kamati hiyo ilikuwa bado inakaa, inakunywa chai na kupokea posho, na kwa kuwa wajumbe wake walipokufa walirithiwa na watoto wao, hapakuwa na haraka yoyote. Watu waliiita Hapa. Ukimwuliza mtu anatoka wapi alijibu anatoka Hapa, na mazungumzo yakaendelea.

Hapa palikuwa na amani kubwa. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba Baba wa Mambo Yote, ambaye ndiye aliyeitawala nchi, alianza kuitilia shaka. Aliwaambia mawaziri wake kwamba amani isiyoonekana haina tofauti na amani isiyokuwepo, na ili wananchi waione kwa macho yao, kila mkuu wa idara avae kiunoni bastola ndogo, mahali pa wazi. Mawaziri walisema kwamba wao wenyewe walikuwa karibu kulifikiria jambo hilo. Bastola ikaitwa Bastola ya Amani. Hazina ikatoa ruzuku ya kuinunua, lakini ruzuku ilipita katika mikono mingi iliyokuwa na kazi ya kuipitisha, na ilipofika kwa wakuu wa idara ilitosha kununua zile za rahisi tu, fupi, za silinda yenye matundu matano, ambazo katika nchi nyingine hupewa mlinzi wa ghala la viazi.

Mmoja wa wakuu hao alikuwa Bwana Zahoro Mkwizu, Mkuu wa Idara ya Mapazia ya Ikulu. Hakuwa mtu mbaya. Aliswali, alilipa ada za watoto, hakumpiga mtu. Ila alikuwa na maradhi mamoja yasiyokuwa na dawa, nayo yaliitwa Bwana Leopodi Chambuso, Mkuu wa Idara ya Mazulia.

Wawili hao walisoma darasa moja, wakaajiriwa mwaka mmoja, na ofisi zao zilitazamana katika korido moja. Lakini zulia lina bahati yake. Mgeni mkubwa akishuka kwenye ndege magazeti huandika kwamba alikanyaga zulia jekundu; haijapata kuandikwa kwamba mgeni alifungiwa pazia la kijani. Leopodi alionekana katika picha za marais saba, ameinama pembeni, akinyoosha upindo. Zahoro hakuonekana popote, maana kazi yake ilikuwa kufanya mambo yasionekane. Tena, kabla Zahoro hajamwoa Bi. Hidaya, Leopodi aliwahi kupeleka posa nyumbani kwao. Posa ilirudishwa kwa heshima na habari zikaishia hapo, lakini kila Hidaya alipokata vitunguu akatoka machozi, Zahoro aliondoka jikoni akiwa na hakika kwamba anajua yanamlilia nani.

*

Leopodi ndiye aliyetangulia kununua. Aliingia ofisini asubuhi, na kabla yeye mwenyewe hajafika mlangoni mng'ao wa bastola yake ulikuwa umeshafika ukutani. Ilikuwa nyeupe, inameremeta, mpini wake unafanana na lulu kwa mtu asiyepata kuona lulu. Makatibu muhtasi walitoka kuitazama. Tarishi alisema hajapata kuona amani nzuri kama ile. Zahoro alibaki mezani kwake akisoma faili lililogeuzwa juu chini, na chai ikamshinda.

Jioni alimkuta Hidaya anakunja nguo. Mkewe hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amepita Ikulu kumpelekea mumewe miwani, akakutana na Leopodi kwenye ngazi, akaonyeshwa.

"Nimeiona ya Leopodi," alisema. "Inang'aa kama vijiko vya harusi. Wewe utanunua lini, baba Rukia?"

Zahoro alisema atanunua atakaponunua, akaenda kulala bila kula. Kitandani aliwaza jambo moja tu: bastola ile lazima ina kasoro. Kitu kizuri namna ile hakiwezi kumfikia Leopodi kikiwa kizima. Kama dunia ina haki, basi mahali fulani ndani yake, chini ya mng'ao, pana ubovu, na yeye Zahoro ndiye aliyeumbwa kuuona.

Serikali ilikuwa imetoa mwongozo wa kuwasaidia wakuu wa idara wasiuziwe mbovu. Mwongozo ulisema: mnunuzi ahakikishe kwamba picha ya Baba iliyochongwa kwenye mpini inatazama mbele, ahakikishe bastola haina rangi inayofanana na ya wapinzani, ingawa wapinzani hawapo, kisha aishike juu, atabasamu, na asiulize maswali. Zahoro aliusoma mara mbili, akaufunika.

*

Duka lililopewa kibali lilikuwa la Bi. Sikudhani, mjane mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye pia aliuza saruji na sare za shule. Zahoro alimsalimu, akaulizwa hali ya nyumbani, akajibu, kisha akaomba aonyeshwe bastola kama aliyoichukua Bwana Chambuso.

Bi. Sikudhani aliitoa, akaikunjua silinda pembeni, akamwonyesha kwamba matundu yote matano ni matupu, akamtaka naye athibitishe kwa kidole. Alisema hii ni ndugu wa ile. Zilikuja sanduku moja.

Zahoro hakupata kushika bastola maishani mwake. Lakini alikuwa ameshika mapazia miaka mingi, na mtu wa mapazia ana mambo mawili: mkono unaohisi pete inayolegea kwenye fimbo yake, na jicho linaloona mwanga unapopenya pasipotakiwa. Aliirudisha silinda mahali pake. Akaivuta nyuma nyundo, kile kichuma kinachoigonga risasi, mpaka ikasimama, akaishika silinda kwa vidole viwili, akaitikisa. Ikacheza huku na huku kama jino la mtoto.

Ule ubovu aliouwaza kitandani ulikuwa umeanza kujionyesha.

Aliinua bastola dirishani, akatazama ule upenyo ulio kati ya silinda na mtutu. Kwa bastola iliyotengenezwa vizuri ungekuwa uzi mwembamba wa mwanga, sawasawa juu na chini. Huu ulikuwa mpana upande mmoja kama mlango uliosahauliwa. Akaomba tochi, akamulika penye upenyo, kisha akachungulia mtutuni. Tundu la silinda halikukaa katikati ya mtutu. Lilijitokeza kwa kando, mfano wa mwezi mwandamo. Risasi ikitoka pale, ingekuta ukingo wa chuma kabla haijaiona njia, na kipande chake kingerudi kumtafuta mwenyewe. Akaisukuma nyundo kwa dole gumba; badala ya kushikilia, ikaanguka.

Bi. Sikudhani alikuwa amejiegemeza kaunta akimtazama. Alisema wateja wengine hutazama mng'ao, naye huwauzia mng'ao, hajapata lawama.

"Wewe, mwanangu, unatafuta nini hasa?"

"Natafuta kilichompata mwenzangu," alisema Zahoro.

Furaha aliyokuwa nayo ilimtosha kabisa, hata akaaga na kufika mlangoni, na ilibidi Bi. Sikudhani amkumbushe kwamba hajanunua. Akarudi. Ya pili aliyoonyeshwa kifyatulio chake kilikwaruza kana kwamba kimetiwa mchanga. Ya tatu ilikuwa nyeusi, butu, haina haya kwa ubaya wake, mithili ya kiko kilichookotwa jaani. Zahoro aliivuta nyundo. Ikasimama, na alipoisukuma haikutikisika. Silinda ilikaa kimya. Alijaribu tundu moja baada ya jingine, na kila moja lilikuja mbele ya mtutu likatulia katikati, kama waumini wanaoijua safu yao. Kifyatulio kilikuwa kizito, lakini uzito wake ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Skrubu zote zilikaza. Ndani ya mtutu mistari inayoizungusha risasi ilikuwa safi, haina kutu. Kwa bei ile ilikuwa ni muujiza, na kama miujiza mingi ya watu wa kawaida, ilikuwa haitazamiki.

Akainunua. Nyumbani Hidaya aliigeuza geuza, akauliza kama haikuwepo nyingine. Zahoro alianza kumweleza habari za silinda na upenyo na nyundo. Mkewe alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema ni kweli, ila ya Leopodi inang'aa.

*

Haukupita muda Baba wa Mambo Yote akaamuru wakuu wote wa idara wapange mstari katika ukumbi wa Ikulu ili aikague amani yao. Alikuja amevaa bastola yake mwenyewe, ndogo, iliyochovywa dhahabu, zawadi ya nchi rafiki. Kila alipopiga hatua ilisikika ikitikisika kiunoni. Zahoro aliusikia ule mtikisiko. Aliujua. Ilikuwa ndugu wa sanduku lile lile, aliyepata bahati ya kuogeshwa dhahabu.

Baba alipofika kwa Leopodi alisimama. Alitazama ile nyeupe inavyometameta, akatazama yake, na ukumbi ukapoa. Leopodi hakusita. Alisema kwamba yake haina nuru yoyote, ni kioo tu kinachoirudisha nuru ya Baba. Baba akacheka, mawaziri wakacheka, na Zahoro moyoni alimlaani mwenzake kwa kupewa ulimi pamoja na zulia.

Kisha Baba akafika kwake. Aliiona nyeusi, akaihurumia, akaichukua kwa mzaha ili wote waione. Akavuta nyundo. Ikasema ta. Akaishusha, akaivuta tena. Ta. Akachomoa yake ya dhahabu, akaivuta. Taratata.

"Kwa nini hii inasema neno moja," aliuliza Baba, "na yangu ina kigugumizi?"

Waziri wa Maelezo alisogea mbele. Alifafanua kwamba bastola ya mtu mdogo haina cha kusema ila neno moja, lakini bastola ya kiongozi hutoa hotuba. Ukumbi ukapiga makofi marefu. Baba hakupiga. Aliendelea kuibofya ile nyeusi, ta, ta, na usoni pake palipita kivuli ambacho Zahoro alikitambua mara moja, maana alikiona kila asubuhi kwenye kioo cha kunyolea.

Basi Baba akatangaza kwamba kwa mapenzi aliyonayo kwa wananchi wa chini, ameamua kubadilishana bastola na Mkuu wa Mapazia. Akaichomeka nyeusi kiunoni mwake. Ya dhahabu akaiweka mikononi mwa Zahoro, na wapiga picha wakapiga picha.

*

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Zahoro alionewa wivu, na utamu wake ulimshangaza. Watu waliomwita Zahoro sasa walimwita Mheshimiwa. Walinzi waliipigia saluti ile dhahabu, naye aliipokea kwa niaba yake. Hidaya alikata vitunguu bila machozi. Au pengine machozi yalikuwepo lakini mumewe hakuyatazama tena. Zaidi ya yote, Leopodi aliacha kuja kunywa chai. Alipita koridoni akitazama chini, na ile nyeupe yake ameifunika koti. Zahoro aliuacha mlango wake wazi makusudi.

Ndipo ukaja waraka. Katika Sikukuu ya Uhuru, mwenye bastola ya dhahabu atafungua sherehe kwa kupiga risasi moja hewani mbele ya Baba, mabalozi na umma. Zahoro alikwenda kuuliza kama itakuwa risasi ya mlio tu, isiyokuwa na kitu ndani. Afisa wa Itifaki alimtazama kwa masikitiko. Alimjulisha kwamba risasi za bandia zimepigwa marufuku nchini, kwa sababu serikali haifanyi mambo ya bandia.

Siku hiyo Zahoro alijifungia, akaikagua dhahabu kwa tochi. Ilikuwa mbaya kuliko ile ya dukani. Tundu lilijitokeza nusu nzima, na nyundo haikushika kabisa. Angeipiga, ingemrudia. Angesema ni mbovu, angekuwa amesema kwamba Baba amevaa kibovu, na tena amekitoa sadaka. Na mtu wa mwisho kusema jambo la namna hiyo alipelekwa kukaa katika Kamati ya Jina, tawi la gereza kuu.

Alikuwa bado anawaza pale Leopodi alipobisha hodi. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa amekonda. Aliongea kwanza habari za mvua, kisha akasema hana usingizi.

"Miaka yote hii nakuonea wivu, Zahoro," alisema. "Wewe una Hidaya. Una chumba chenye dirisha. Mimi nimeishi nimeinama kwenye viatu vya watu. Nilisema nitapata japo bastola nzuri kuliko yako, na hata hiyo Mungu amekupa wewe. Niachie mlio mmoja tu. Umma unione nimesimama wima."

Zahoro alimkodolea macho. Hakupata kuwazia kwamba upande wa pili wa korido kulikuwa na mtu anayelala njaa kwa ajili yake. Ungetegemea amwonee huruma, na kweli huruma ilikuja. Ila ilikuja imeshikana mkono na jambo jingine, na hayo mawili hayakutaka kuachana. Akaitazama dhahabu mezani. Akamtazama mwenzake.

"Silinda inacheza," alisema. "Haielekeani na mtutu. Usiipige."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kwa haraka, kama mtu anayetimiza faradhi huku akiomba asisikiwe. Leopodi alitabasamu kwa uchungu. Alisema alijua ataambiwa hivyo. Hata yeye angekuwa na dhahabu angesema ina funza ili asiombwe. Zahoro angeweza kuileta ile tochi. Ilikuwa pale pale mtotoni mwa meza. Angeweza kumwonyesha ule mwezi mwandamo kwa macho, na ingechukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Badala yake akasema, "Basi, ukitaka, mimi sina neno," na akamwandikia Afisa wa Itifaki kwamba bega linamsumbua, Bwana Chambuso atapiga badala yake.

*

Sikukuu ilifana. Leopodi alisimama katikati ya uwanja, wima, kidevu juu, dhahabu inawaka juani, na Zahoro akiwa jukwaani aliona jinsi Hidaya alivyosogeza miwani ili amwone vizuri. Wakati huo, Mungu amsamehe, wivu ulimkaba kiasi kwamba alitaka kupaza sauti kwamba bastola ni yake. Kupaza sauti kwamba ni mbovu hakukumjia.

Leopodi akafyatua. Mlio haukwenda juu. Ulikwenda pembeni, na nyuma, na kila mahali. Silinda ilipasuka kama embe lililokanyagwa. Moshi ulipotawanyika, Leopodi alikuwa bado amesimama, anautazama mkono wake, na dole gumba na kidole cha shahada havikuwepo. Baba wa Mambo Yote alikuwa chini ya meza pamoja na mabalozi wawili. Mtangazaji wa redio aliwaambia wasikilizaji kwamba wamesikia mlio wa aina yake.

Zahoro alirudi nyumbani akangoja kukamatwa. Hakuja mtu. Kumkamata kungehitaji kusema kwamba bastola ilikuwa mbovu, na bastola ya Baba haikuwa mbovu. Jioni serikali ilitoa taarifa. Maadui wa amani, ambao hawapo, walimfyatulia Baba risasi, na Bwana Leopodi Chambuso, kwa ushujaa usio na mfano, aliidaka kwa mkono. Alipewa nishani, nyumba yenye bustani na cheo kipya. Kwa kuwa shujaa hawezi kuongoza mazulia peke yake, Idara ya Mapazia iliwekwa chini yake.

Zahoro na mkewe walikwenda kumwona hospitali. Chumba kilijaa maua, mengine kutoka kwa watu waliokuwa wakimpita bila salamu. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji kubwa, nyeupe, nadhifu, umelazwa juu ya mto wake peke yake kama mgeni wa heshima. Hidaya alivuta kiti, akamenya chungwa, akatoa mbegu, akaanza kumlisha kipande kimoja kimoja, maana mwenyewe asingeweza. Kidole chake kiligusa mdomo wa Leopodi, na Hidaya hakuonekana kuliona hilo.

Hidaya alipotoka kwenda kutupa maganda, Leopodi aligeuza kichwa.

"Ulinionya," alisema taratibu.

Zahoro alikubali kwamba alimwonya.

"Nakushukuru, ndugu yangu, kwamba hukunisisitizia."

Alisema kwa moyo safi kabisa. Hidaya akarudi, akakaa, akachukua kipande kingine. Zahoro aliitazama ile bandeji, nyeupe ilivyo, na jinsi kila aliyeingia mlangoni alivyoitazama kwanza kabla ya kusalimu mtu.  Kisha akaishusha mikono yake mapajani, akaitia mifukoni yote miwili, mizima, asije mtu akaiona.